Farasi wa Amana

Kambi ya wasio na farasi, karibu na Mto Rapidan, Virginia
2 Desemba 1863

Mke wangu Permelia,

Rector amekufa. Naanza na hilo ili usilitafute katikati ya barua.

Hakufa kwa risasi. Tangu turudi kutoka kaskazini hatujaona nafaka. Tumewalisha farasi majani makavu na magome ya miti, mpaka wakaanza kutafunana mikia. Jumatano iliyopita tulikuwa doria kwenye kivuko, akapiga magoti matopeni na hakuinuka tena. Nilimvua tandiko nikalibeba begani maili sita. Angepigwa risasi na Yankii, askari wa Kaskazini, serikali ingemfidia. Kwa kuwa amekufa kwa njaa yao wenyewe, hawafidii.

Unajua mambo ya kikosi chetu. Serikali humpa mtu bunduki na amri, lakini farasi lazima aje naye kutoka kwao. Asiye na farasi si mpanda farasi. Tuko huku nyuma watu arobaini na matandiko yetu. Jana askari wa miguu walipita hapa.

"Jamani, njooni mwone! Hawa wamekaa na matandiko, wanangoja kupandwa!"

"Waache, hao ndio wenye maisha marefu. Nani kati yenu amewahi kuona maiti ya mpanda farasi?"

Silas Crabtree akawajibu kwamba maiti zetu huwa mbele sana, mahali ambapo wao hawajawahi kufika. Tulicheka, ila kicheko hakikufika tumboni.

Kapteni Wardlaw hutoa likizo ya siku thelathini ili mtu aende kwao kuchukua farasi mwingine. Lakini ameshadanganywa na wengi waliokwenda wakarudi mikono mitupu, na wengine hawakurudi kabisa. Sasa anataka kwanza barua kutoka nyumbani, yenye sahihi, inayosema farasi yupo zizini. Mwandikie habari za Tansy wetu. Asipoipata kabla ya mwisho wa Januari, nitapelekwa jeshi la miguu. Watu wa kule hawarudi, Permelia. Nimepita nyuma yao baada ya vita na nimeona walivyolala.

Mbusu binti yetu Lutie.

Mumeo,
Asbury Loftis


Kijito cha Sawney, Karolina Kaskazini
16 Desemba 1863

Asbury,

Tansy hayupo. Walimchukua tarehe 8 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa amefungwa kwenye gari na magunia ya mahindi juu. Walikuwa wanne, wamevaa kijivu kama wewe. Nilikuficha kwa sababu Bi. Crabtree alisema askari hapaswi kuandikiwa habari za kumvunja moyo. Leo sina tena moyo wa kulinda moyo wako.

Mkubwa wao alivua kofia. Akasema, "Mama, nchi inamhitaji huyu."

Nikamwambia, "Na mimi ni nini? Mimi si nchi?"

Akaniandikia karatasi, akashusha magunia kwa adabu nzuri, wakaondoka naye. Kwa Torrance, shamba la pili tu kutoka hapa, hawakuchukua hata punda. Torrance ana watumwa ishirini na wawili, na sheria inasema mwenye ishirini abaki nyumbani kuwasimamia. Watu ishirini na wawili ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka nini ndio kibali chake cha kulala kitandani mwake. Wewe uliyekuwa na farasi wawili na mke mmoja ndiye uliyekwenda kumpigania.

Mwambie kapteni wako kwamba farasi wetu ameshatangulia jeshini. Amtafute hukohuko.

Lutie amepona kikohozi. Tunakunywa kahawa ya shayiri iliyochomwa. Paa linavuja juu ya kitanda.

Permelia


Kambi ya wasio na farasi
5 Januari 1864

Permelia,

Silas amerudi kutoka likizo na farasi wa baba yake. Nilimuuliza habari za kwetu, naye akanieleza mbele ya watu kwamba alikuona siku mbili kabla ya Krismasi ukivuta magogo na farasi jike mwekundu, mnene, mwenye mguu mmoja mweupe kama aliyevaa soksi.

Umeniandikia uongo. Mimi nakaa hapa na viatu vilivyopasuka, naye mke wangu ana farasi zizini na ananiambia nimtafute wangu jeshini!

Unajua wanasema nini hapa? "Loftis, usihangaike na farasi. Mkeo ameshapata mpanda farasi mwingine." Mmoja nimemtoa jino, ila siwezi kuwatoa meno watu arobaini.

Ni farasi wa nani? Nijibu bila kuzunguka. Na kama ni wetu, mwandikie Kapteni siku hiyohiyo.

Asbury Loftis


Kijito cha Sawney
15 Januari 1864

Asbury,

Ungeuliza kabla ya kutukana, ungepata jibu lilelile kwa gharama ndogo.

Farasi ni wa Drewry Goins, yule mhunzi mweusi aliye huru, aliyekupigia Rector viatu mara tatu. Mwezi wa Novemba walikuja kumchukua kwenda kuchimba ngome za mchanga kule mdomoni mwa mto, Wilmington. Hawaruhusu mtu kama yeye kushika bunduki, lakini koleo wanamlazimisha kushika. Walimpa siku moja ya kujiandaa. Siku hiyo alikuja hapa akimwongoza farasi wake, Kezia.

"Bibi Loftis," akasema, "wakimkuta kwangu hatamaliza siku mbili. Kwako wewe, mke wa askari aliyekwisha kutoa mmoja, huenda wakaona haya."

"Na wasipoona haya?"

"Basi tutakuwa tumejaribu. Limia naye shamba lako, umlishe, nami nikirudi nimkute."

Nilimwapia kwa mkono juu ya Biblia ya mama yangu. Huyu ni amana, Asbury. Yule mtu alimnunua akiwa mwanafarasi mwenye miguu dhaifu ambaye Torrance alitaka kumpiga risasi. Alimlipa kwa kupiga viatu farasi wote wa Torrance miaka miwili. Hana mtu wa kumwachia ila mimi, na sheria haina sikio kwa ajili yake.

Hao wenzako waambie mkeo hana mpanda farasi. Ana jembe.

Permelia


Kambi ya wasio na farasi
24 Januari 1864

Mke wangu mpenzi,

Nisamehe. Njaa na matusi ya watu vilinipanda kichwani. Umefanya vema kumtunzia mtu mali yake, nami sikuombi farasi wake.

Naomba barua tu. Kapteni ameongeza muda mpaka katikati ya Februari. Hahitaji kujua farasi ni wa nani, anataka kujua kama farasi yupo. Na yupo! Mwandikie maneno hayohayo: zizini kwangu kuna farasi jike, mzima. Hapo uongo uko wapi? Nitapata siku thelathini. Nitaziba paa, nitalima lile shamba la chini kabla ya mvua, Lutie ataniona uso. Kisha nitarudi na kumwambia Kapteni kwamba nilimkuta farasi amevunjika mguu. Hapo na wanipeleke miguu wakitaka. Nitakuwa nimewaona.

Naapa kwa kaburi la mwanetu Wiley kwamba sitamtoa huyo farasi zizini ila kwa kulima.

Wako,
Asbury


Kijito cha Sawney
3 Februari 1864

Kwa Kapteni Wardlaw,

Mheshimiwa,

Mimi ni mke wa Asbury Loftis wa kombania yako. Zizini kwangu kuna farasi jike mwekundu, umri miaka saba, mzima wa macho, mapafu na miguu, anayefaa tandiko na jembe.

Ndimi,
Permelia Loftis


Kijito cha Sawney
22 Machi 1864

Asbury,

Paa umeliziba vizuri. Jana mvua ilinyesha na halikuvuja hata tone. Nililala chini yake nikikulaani.

Ulingoja Jumapili. Ulisema kichwa kinakuuma, ukatuaga mlangoni, ukamfunga Lutie kofia. Tulipotoka kanisani tukakuta zizi wazi na kamba imekatwa. Imekatwa, Asbury. Hukuwa hata na subira ya kufungua fundo nililolifunga mimi. Lutie alifurahi. Alisema, "Baba amempeleka Kezia kunywa maji." Alikaa kwenye uzio akikungoja mpaka nikamtoa kwa nguvu.

Siku ishirini na saba nilikutazama ukilima na yule farasi na kumsugua mgongo, nikajiambia, mume wangu amerudi. Kumbe ulikuwa unamkagua.

Nami nimejifunza kwamba barua yenye maneno ya kweli tupu inaweza kuwa uongo mchafu kuliko wowote. Niliiandika mwenyewe, na sitakuachia wewe dhambi hiyo peke yako. Lakini kaburi la Wiley liko nyuma ya nyumba, hatua sitini kutoka hapo ulipokata kamba. Ulipita kando yake ukiwa juu ya farasi.

Mrudishe. Sina neno lingine.

Permelia


Kambini, karibu na Gordonsville
6 Aprili 1864

Permelia,

Mpaka Jumamosi ile nilikuwa mtu wa kiapo changu. Amini usiamini.

Jumamosi ulinituma kwenye kinu cha mahindi. Nilipita stesheni na treni ya majeruhi ilikuwa imesimama kupata maji. Wote walikuwa wa jeshi la miguu. Walikuwa wamelazwa kwenye majani kama viazi. Mmoja aliniomba tumbaku. Nilipompelekea, nikaona hana mkono wa kuipokelea, nikamtia mdomoni. Akaniuliza, "Wewe wa kikosi gani?" Nikasema farasi. Akasema, "Basi shikilia farasi wako, ndugu yangu, hata kama ni wa shetani."

Nilirudi na unga na sikukuambia.

Wewe unamwonea huruma Goins. Goins anachimba mchanga, jioni analala mzima. Mimi nikienda miguu utakuwa mjane kabla ya mavuno. Sasa chagua, farasi wa mtu mweusi au mumeo? Na yeye atafanya nini? Sheria haimruhusu kufungua mdomo dhidi ya mzungu mbele ya hakimu. Sikuitunga mimi hiyo sheria.

Farasi amekaguliwa na kuandikishwa kikosini kwa jina langu. Nimemwita Tansy. Kapteni anasema ndiye bora katika kombania nzima.

Asbury


Makao ya Kombania, Virginia
29 Aprili 1864

Bibi Loftis,

Nimepokea barua yako ya tarehe 14, unayodai farasi aliyeletwa na Loftis si mali yenu, na kuniomba nimrudishe kwa mtu mweusi aliyeko Wilmington.

Ninayo pia barua yako ya tarehe 3 Februari. Ndiyo iliyonifanya nimpe mumeo likizo. Bibi, niamini ipi kati ya barua zako?

Farasi yule ameandikishwa kihalali. Siku yoyote tutaanza mapigano, nami sina mpanda farasi wa kupoteza. Nakushauri umwandikie mumeo maneno ya faraja. Wake wa askari wenzake hufanya hivyo.

Kapteni T. Wardlaw


Kijito cha Sawney
30 Septemba 1864

Bwana Asbury Loftis,

Nimerudi mwezi wa Julai. Boriti iliniangukia mkono wa kushoto, na mtu asiyeweza kushika koleo hawamtaki. Nyundo naishika kwa wa kulia.

Nilipokuja kumchukua farasi wangu nilimkuta Bibi Loftis shambani amejifunga kamba kifuani, anavuta jembe, na binti yako ameshika mpini. Aliniona akasimama palepale kwenye mtaro. Aliniambia yote, pamoja na habari za barua aliyoandika. Hakujitetea. Nimemtengenezea jembe jepesi zaidi. Sikumtengenezea kwa ajili yako.

Sikuandikii kukuomba. Nimeshaambiwa na watu wawili wenye nyumba kubwa kwamba ombi langu halina pa kupelekwa. Nakuandikia kwa sababu ya kwato. Kwato ya nyuma ya kushoto ya Kezia ni laini tangu utotoni. Wahunzi wa jeshi hupiga misumari minane bila kutazama. Piga sita, mitatu kila upande, na usiikaribie ncha. Ukipiga minane, kwato itapasuka, naye atachechemea, nawe utamwacha njiani au utampiga risasi.

Jina lake ni Kezia. Nadhani umeshagundua kwamba haitikii lingine.

Drewry Goins


Karibu na Petersburg
11 Novemba 1864

Permelia,

Niko hai. Tangu Mei tumepigana zaidi kwa miguu kuliko juu ya farasi. Tunashuka, mtu mmoja kati ya wanne anabaki nyuma na farasi wote, watatu tunaingia msituni. Silas alikuwa mshika farasi wetu mwezi wa Juni. Kombora liliangukia hapohapo kwao. Nilipofika sikumtafuta Silas kwanza. Nilimtafuta farasi. Alikuwa amesimama peke yake, hatamu zinaburuta, wala hakukimbia. Nimekuambia hilo kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia.

Mwambie yule mtu nimepiga misumari sita. Usimwambie zaidi ya hapo.

Mama Silas anajua?

Asbury


Kijito cha Sawney
2 Desemba 1864

Asbury,

Anajua. Nilikwenda kukaa naye siku tatu.

Ujumbe wako wa misumari nimeupeleka. Alisikiliza, akaendelea kupuliza moto. Kisha akasema, "Basi kumbe anasoma barua." Ni hilo tu.

Unaniandikia vizuri unapoogopa. Nakiri nililia kwa ajili ya Silas, na kidogo kwa ajili yako. Lakini usidhani machozi ni risiti. Farasi amesimama palepale akikungoja kwa sababu kuna mtu aliyemlea hivyo, na mtu huyo sasa anapanda mlima maili tano kwa miguu akibeba vyuma mgongoni.

Mrudishe.

Permelia


Kwa Shangazi Tabitha, mpakani mwa Virginia
22 Aprili 1865

Mke wangu,

Imekwisha. Nimelala hapa kwa homa, na ile kwato imeanza kufunguka baada ya mwendo mrefu, kwa hiyo tutapumzika sote wawili mwezi mzima. Mtu wa posta ya kanisa anapita kwenu, nimempa hii.

Tulisalimu amri tarehe 9. Katika kombania iliyoondoka na watu themanini na sita tulikuwa kumi na wawili, na wenye farasi saba. Tulidhani watatunyang'anya. Lakini wakubwa wa Yankii walipoambiwa kwamba kwetu sisi kila mpanda farasi ni mwenye farasi wake, wakatangaza: anayedai farasi ni wake na aondoke naye akalime. Tukapanga foleni. Sajini wao alikaa kwenye sanduku la biskuti na daftari.

"Huyu ni wako?"

Nilikuwa nimefikiria swali hilo usiku kucha. Nikasema, "Ni wangu."

"Wako mwenyewe, au umemwokota njiani?"

"Wangu mwenyewe, kutoka nyumbani."

Akaandika, akanipa karatasi yenye muhuri. Kwa hiyo sasa, Permelia, ni wangu kwa karatasi ya jeshi letu na ya jeshi lao. Nani aliyebaki wa kupinga? Mwaka mzima nimekula naye punje zangu. Amenivusha mito mitatu nikiwa sijitambui. Goins alimlea, sawa, ila mimi ndiye niliyekufa naye mara kumi. Akizaa nitampa huyo mwanafarasi. Nadhani hilo ni haki, na zaidi ya haki, kwa mtu kama yeye.

Tutakuwa nyumbani mwisho wa Mei. Waambie watu nimerudi juu ya farasi. Si wengi watakaoweza kusema hivyo. Mwambie Lutie nitampandisha mbele yangu kuanzia kanisani mpaka nyumbani, kila mtu aone.

Mumeo,
Asbury


Kijito cha Sawney
10 Mei 1865

Asbury,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilimshukuru Mungu kwamba u hai. Kisha niliisoma tena, sikumshukuru mtu.

Wayankii wako mjini tangu Alhamisi iliyopita. Afisa wao amekaa katika chumba kilekile cha hakimu, na ametangaza kwamba atasikiliza malalamiko ya mtu yeyote, mweusi kwa mweupe. Watu waliokuwa wa Torrance wamekwenda kumi na tisa. Wamesimama mlangoni tangu alfajiri wamevaa nguo za Jumapili. Bwana Goins alikwenda Jumatatu. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyoniambia, akamuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua habari hii.

Bwana Goins akasema yupo, lakini hatamtaja, ni juu yake mwenyewe kuja.

Alipita hapa akirudi, akanieleza hivyohivyo, akiwa ng'ambo ya uzio. Hakuniomba. Alikuwa ameshageuka kuondoka nilipomwambia anisubiri nivae kofia.

Tulikwenda kwa miguu. Njia nzima watu walitutazama. Bi. Torrance alisimamisha gari lake akaniuliza kama nimepatwa na msiba. Nikamwambia, "La, Mama, mume wangu anarudi mzima."

Afisa ni kijana mwenye mafua. Akaniuliza, "Bibi, unaelewa unamshitaki nani?"

"Mume wangu."

"Una hakika?"

"Kuhusu mume au kuhusu farasi?"

Makarani wakacheka. Bwana Goins hakucheka, nami nikaona haya kwa kufanya mzaha pale. Basi nikaeleza. Niliapa upya, safari hii kwa Biblia yao. Nikataja siku aliyomleta Kezia, na maneno yetu, na siku ulipokata kamba. Nikaeleza pia barua yangu ya tarehe 3 Februari, neno kwa neno, na kwa nini niliiandika. Karani aliacha kalamu akanitazama. Afisa akasema kwamba sehemu hiyo si lazima iandikwe. Nikamwambia iandikwe, maana bila hiyo hakuna wizi wowote ambao ungewezekana.

Walinisomea yote. Bwana Goins akatia sahihi yake, kisha nami nikaweka jina langu chini ya lake. Nilikandamiza kalamu mpaka wino ukatapakaa. Haikuwa hofu, Asbury. Ilikuwa hasira ya miezi kumi na minne, na ilikuwa imepata mahali pa kukaa.

Sasa sikiliza. Karatasi yako ya sajini haina kazi tena. Afisa ameandika kwamba farasi jike mwekundu mwenye soksi moja nyeupe ni mali ya Drewry Goins, na atakayekutwa naye baada ya tarehe 1 Juni atashikwa kama mwizi. Nakala moja anayo Bwana Goins, moja iko mjini, moja nimekufungia humu ndani.

Umetaka watu wakuone ukirudi juu ya farasi. Hawatakuona. Ukifika kanisani usinyooshe, kata kushoto upande mlima mpaka kwenye karakana. Shuka kabla ya lango. Usimfunge kwenye uzio ukaondoka. Mwite mwenyewe atoke, umpe hatamu mkononi, na chochote atakachokuambia ukisikilize mpaka amalize, hata kikichukua siku nzima. Mimi nilisikiliza changu Julai iliyopita, nikiwa na kamba kifuani.

Lutie ana miaka minane sasa. Anauliza utakuja lini. Nimemwambia utakuja, lakini sijamwambia utakuja wa namna gani, kwa sababu sijui.

Ukishamkabidhi, shuka uje nyumbani, ule, ulale, upone, kisha tutaona mimi na wewe kama kuna kitu kilichobaki. Lakini ukifika langoni kwangu ukiwa juu ya farasi yule, sitatoka kukulaki. Nitavaa kofia ileile na kwenda mjini kuwaita.

Permelia Loftis